Karatasi Isiyo na "Hapana"

Kabla hujapewa nusukaputi, iwe Ligula hapa Mtwara au Toronto, unatakiwa kuulizwa jina lako hata kama mle ndani wote wanakujua. Usiudhike. Swali limo kwenye orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ukurasa mmoja tu, uliotoka 2008. Ilijaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ya Ifakara, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa karatasi, si haba!

Ila utafiti ule ulilinganisha kabla na baada tu, na timu zilifundishwa kwanza. Tukinakili karatasi tukaacha mafunzo, tumenakili nini?

Kinachonikera zaidi ni toleo la 2009. Linauliza: oksimita, ile klipu ya kidoleni inayopima oksijeni ya damu, imewekwa na inafanya kazi? Kisanduku cha jibu ni kimoja: ndiyo. "Hapana" haina pa kuandikwa. Haya, tuseme inafanya kazi. Namba ikishuka hadi 85, halafu? Hapo karatasi kimya. Kinachobaki ni alichojifunza mtoa usingizi, na alijifunza lini. Kozi ya SAFE ya usingizi kwa wajawazito, iliyoanzia Uganda, inafanyia mazoezi dakika hizo hizo kwa siku tatu. Nzuri sana. Lakini kama Newala mtoa usingizi ni mmoja, siku hizo tatu mama wa kupasuliwa usiku atalazwa na nani?