Mwanamke Ukutani: Picha na Kitenzi katika Saluni za Handeni na Korogwe

Uhakiki wa michoro ya ukutani mara nyingi huishia kwenye picha. Katika kuta za saluni za Handeni na Korogwe, mwanamke aghalabu huchorwa kichwa na mabega tu: nywele zimesukwa, macho yanamtazama mpita njia, mikono haipo. Ni rahisi kuhitimisha kwamba mchoraji amemgeuza pambo. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika, kwa kuwa kando ya picha huandikwa kitenzi kama "Tunasuka". Aliyechorwa ni anayesukwa. Msusi, ambaye kwa kawaida naye ni mwanamke, amebaki ndani ya kiambishi nafsi tu-, kisichobainisha jinsi.

Kwa hiyo ukuta mmoja una wanawake wawili: wa kwanza ana sura bila tendo, wa pili ana tendo bila sura. Katika jozi "oa" na "olewa", mazoea ya lugha humpa mwanamke kauli ya kutendwa. Hapa kauli ya kutenda ni yake, ila haonekani. Mhakiki anayesoma picha na kuyaacha maandishi humfuta msusi mara ya pili.