Nyota Njema Huonekana Lini?
Uhakiki wa kitabu Moneyball na filamu Sugar

Wahenga wetu walisema nyota njema huonekana asubuhi. Bahati yao, hawakuwahi kuajiriwa kusaka vipaji vya besiboli huko Marekani. Kule kuna watu ambao kazi yao ni hiyo tu: kuitazama asubuhi ya kijana na kutabiri mchana wake. Na wanakosea, jamani. Kila mwaka wanakosea.

Hebu nieleze kidogo kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu. Tangu mwaka 1965, timu za Ligi Kuu ya besiboli hukutana kila mwaka na kuteua vijana kwa zamu, kutoka shule za sekondari na vyuo. Aliyeteuliwa akikubali, hupewa fedha za kusaini. Halafu haendi Ligi Kuu, la hasha. Hupelekwa ligi ndogo, ambazo zina ngazi juu ya ngazi. Wengi huishia humo humo. Mashabiki nao wana burudani yao: hufuatilia majina ya wateuliwa wapya, hupanga orodha za chipukizi na kubishana nani atang'ara. Mwaka 1991 New York Yankees walimteua Brien Taylor, wa kwanza nchi nzima, wakampa zaidi ya dola milioni 1.5. Hakucheza hata mechi moja ya Ligi Kuu. Mike Piazza aliteuliwa mwaka 1988 katika raundi ya 62, na vijana zaidi ya elfu moja walikwisha kuitwa kabla yake. Mwaka 2016 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo. Asubuhi gani ilionyesha hayo?

Michael Lewis alilichukua swali hili akaliandikia kitabu, Moneyball, kilichotoka mwaka 2003. Mhusika mkuu ni Billy Beane, meneja wa timu ya Oakland, ambayo haikuwa na fedha nyingi. Beane mwenyewe alikuwa nyota ya asubuhi. Mwaka 1980 New York Mets walimteua katika raundi ya kwanza. Wasaka vipaji walikuwa wamelipenda umbo lake, akaacha nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Stanford. Uwanjani hakufika walikodhani. Basi alipokuwa meneja aliamua kutoyaamini macho ya wasaka vipaji, akafuata hesabu: kijana huyu chuoni amefanya nini hasa? Katika uteuzi wa mwaka 2002 Oakland ilimchukua mapema Jeremy Brown, mdakaji kutoka Chuo Kikuu cha Alabama, ambaye wengi walimdharau kwa sababu ya unene wake.

Lewis anajua kusimulia, hilo halina ubishi. Kikao cha uteuzi, ambacho kwa kweli ni watu waliokaa mezani wakitaja majina, amekigeuza kuwa uwanja wa vita. Wazee wa kusaka vipaji upande mmoja, vijana wa kompyuta upande wa pili, na msomaji anajikuta anamshangilia mtu mnene ambaye hajawahi kumwona. Ufundi huo nauonea wivu.

Lakini nina ugomvi na mwisho wake. Kitabu kinafungwa na Brown akiwa bado mchezaji mpya. Anapiga mpira, anakimbia, anateleza na kuanguka kwenye kona ya kituo cha kwanza, anahangaika kurudi, kumbe mpira umekwisha kuvuka uzio zamani! Wenzake wanacheka, naye anacheka. Mwisho mzuri kweli. Filamu ya mwaka 2011 nayo iliutumia karibu na mwisho wake.

Na baada ya hapo? Brown alicheza mechi 5 tu za Ligi Kuu, mwaka 2006. Alipata nafasi 10 za kupiga, akafaulu mara 3. Mwaka 2008 akastaafu. Simlaumu Lewis kwa mambo yaliyotokea baada ya kitabu kuchapishwa. Namlaumu kwa kuchagua kukifunga saa mbili asubuhi, wakati kitabu chake chote kinatuonya tusiiamini asubuhi. Ameupinga utabiri wa macho, kisha anatuaga kwa utabiri wa moyo: huyu mtoto atafika tu. Beane amebadili miwani, lakini bado anachotafuta ni mali nzuri kwa bei rahisi, na kijana ndiye mali yenyewe. Bei yake tunaisoma sana. Maisha yake katika ligi ndogo yanapita pembeni. Nayo yalikuwa maisha ya dhiki. Kabla ya mkataba wa mwaka 2023, mchezaji wa ngazi ya chini kabisa alikuwa akilipwa kiasi cha dola 4,800 kwa mwaka. Ilibidi kwanza wachezaji hao wajiunge na chama chao, mwaka 2022, ndipo kiwango kikapanda hadi 19,800.

Hapa ndipo ninapoipenda zaidi Sugar, filamu ya Anna Boden na Ryan Fleck ya mwaka 2008. Miguel Santos, ambaye wenzake humwita Sugar, ni mrusha mpira kutoka San Pedro de Macorís, Jamhuri ya Dominika. Vijana wa huko hawamo katika uteuzi nilioueleza. Timu huwasainisha moja kwa moja, wengine wakiwa na miaka 16. Miguel anapelekwa ligi ndogo Iowa. Kiingereza hajui. Kila akienda mgahawani anaagiza chakula kile kile, mkate uliochovywa kwenye mayai na kukaangwa, kwa kuwa ndicho anachoweza kukitamka. Siku moja mhudumu anamletea mayai yaliyopikwa kwa namna mbalimbali na kumtajia kila namna jina lake. Katika filamu nzima hakuna pigo lililonigusa kama sahani ile.

Filamu ina kasoro. Suala la dawa za kuongeza nguvu linaingia na kutoka haraka mno, na huko mbele wema wa watu unakuja kwa urahisi kupita kiasi. Lakini tazama inachofanya Miguel anapoanza kushindwa. Anaiacha timu, anapanda basi kwenda New York, na kamera inapanda naye! Tunamwona akitafuta kazi, tunamwona akichonga meza. Mwishoni anacheza besiboli ya mtaani na watu waliowahi kusainishwa kama yeye. Mmoja mmoja wanataja jina lao na timu walizochezea. Hakuna anayeomba kuhurumiwa. Kwa hesabu za Ligi Kuu hawa ni hasara. Kwa filamu hii ni watu wazima wanaocheza mpira jioni.

Msomaji utaniuliza, haya ya besiboli yanatuhusu nini sisi tunaohangaika na mashairi? Yanatuhusu, bwana. Sisi nasi tunaitwa chipukizi. Tulipoanza kuandika, kundi letu lilikuwa na watu tisa. Leo tunaoendelea ni wawili. Aliyetushinda sote kwa kipaji ana duka la vitambaa. Nilipokutana naye mwaka jana sikumwuliza hali ya biashara wala ya watoto. Nilimwuliza, "Bado unaandika?" Akacheka kidogo, akaanza kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Nilipoiona Sugar ndipo nilipotambua kwamba swali langu lilikuwa la msaka vipaji. Nilikuwa nakagua kama nyota niliyoitabiri imetokea. Na sisi wahakiki ndio mabingwa wa mchezo huo: kijana akitoa hadithi mbili tunaandika kwamba ana mustakabali mzuri, halafu tunafunga ukurasa saa mbili asubuhi, kama Lewis. Tungesema tu hadithi hizo mbili zina nini, leo, hata kama hatakuja kuandika ya tatu, tungekuwa tumemtendea haki.

Moneyball kisome, utafurahi. Sugar itafute, uitazame hadi mwisho, mpaka mtu wa mwisho ataje jina lake. Mimi kesho nakwenda kununua kitambaa.