Kipozea cha Prosesa Kwenye Joto la Voi: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Mtu akikwambia kompyuta aliyojiundia nyumbani inafika nyuzi 86, usimsifu wala usimlaumu kabla ya kumuuliza: chumba kilikuwa na nyuzi ngapi? Kipozea hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la prosesa na kulimwaga kwenye hewa iliyopo, na hewa hiyo ikiwa yenyewe ni ya moto, prosesa nayo hupanda karibu kwa kiasi hichohicho. Chukua mashine inayotulia kwenye nyuzi 72 kule Wundanyi, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, chumba kikiwa na nyuzi 20. Iteremshe Voi mchana wa Februari, uiweke kwenye chumba cha mabati chenye nyuzi 34, uipe kazi ileile. Itasogea hadi 86 au karibu na hapo, na hakuna kilichoharibika njiani. Tofauti kati ya prosesa na chumba imebaki 52, na tofauti hiyo ndiyo ya kumpimia fundi.

Kwa hiyo vipimo vinavyosifiwa mtandaoni, vilivyochukuliwa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22 huko Ulaya, havina maana Voi mpaka uongeze zile nyuzi kumi na ushei. Nunua kipimajoto cha chumba cha bei ndogo. Kiweke upande ambao mashine inavutia hewa, kisiwe juu yake wala nyuma inakotemea joto. Endesha programu ya kuibana prosesa, Cinebench au Prime95, kwa nusu saa, soma joto la prosesa kwenye programu ya HWiNFO, kisha utoe joto la chumba. Kwa prosesa ya Intel ya wati 65 yenye kipozea chake cha kiwandani, tofauti ya 40 au 50 hainitii wasiwasi. Ikipita 60, natafuta bisibisi. Kuna prosesa ambazo kipimo hiki hakizitendei haki: Ryzen 7000 za AMD, zilizotoka mwaka 2022, nyingi zimesanifiwa zipande hadi nyuzi 95 na kukaa hapo zikibanwa na kazi. Kwa hizo tazama kasi zinayoweza kuidumisha, si joto lenyewe.

Ubaya wa kazi mbovu siku hizi ni kwamba inajificha. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilirekodi video ya majaribio ya kung'oa kipozea mashine ikiwa inafanya kazi. Pentium 4 ilipunguza kasi ikanusurika, lakini Athlon ya AMD iliungua katika muda mfupi mno. Prosesa za leo zote zina ulinzi wa aina ile ya Pentium 4, na bora zaidi. Joto likigusa kikomo, ambacho kwa nyingi za Intel ni nyuzi 100, zinajipunguzia kasi kimyakimya, na hali ikizidi mashine inajizima. Mwenye kompyuta anaona mchezo unakatikakatika au video inachelewa kukamilika, analaumu RAM, analaumu intaneti, analaumu stima. Naye fundi aliyefunga kipozea upogo ameshalipwa.

Kabla ya kufungua chochote, tumia mkono. Prosesa ikiwa inasoma 95, gusa mapezi ya kipozea kwa ncha ya kidole, pembeni, mbali na feni. Kama mapezi ni ya moto, joto linatoka kwenye prosesa vizuri ila hewa hailiondoi: tafuta vumbi, feni iliyochoka, au kasha lililozibwa. Kama mapezi ni baridi au vuguvugu tu, joto halijafika pale kabisa, na hapo kosa liko kwenye mguso kati ya prosesa na kipozea. Saa nayo inathibitisha. Mguso ukiwa mbovu, joto huruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde mbili tatu za mwanzo wa kazi. Hewa ikiwa ndiyo tatizo, hupanda polepole kwa dakika kadhaa. Fundi anayekimbilia kukuuzia kipozea kipya bila kugusa mapezi wala kutazama saa hajaanza kazi.

Mguso mbovu una sababu nyingi, lakini Voi ina moja inayostahili kutajwa kwanza: barabara. Mashine nyingi huundwa kwa vifaa vya Nairobi, vya maduka ya Luthuli Avenue na mitaa ya jirani, na nyingine hufungwa hukohuko kisha zikapakiwa kwenye buti la basi kwa safari ya kilomita zaidi ya 300. Vipozea vya kiwandani vya Intel, tangu soketi ya LGA775 ya mwaka 2004 na kwa miaka mingi baadaye, hushikwa na pini nne za plastiki za kusukuma. Pini moja ikichomoka kwa mtikisiko, kona moja inainuka kiasi ambacho jicho halioni ukitazama kwa juu. Vipozea vya mnara, vile virefu ambavyo baadhi hukaribia kilo nzima, vina hatari nyingine. Kasha likisimama wima kwenye gari, uzito wote unaning'inia kwenye ubao mama na kuuvuta kila gurudumu likiingia shimoni. Mashine yenye mnara isafirishwe ikiwa imelazwa, ubao mama ukiwa chini na mnara ukielekea juu, au mnara ufunguliwe usafiri peke yake. Fundi wa Nairobi anayekuuliza mzigo unakwenda wapi kabla ya kufunga kasha anajua kazi yake.

Pini hizo za plastiki zikague kwa nyuma ya ubao mama. Kila tundu lionyeshe meno ya plastiki yaliyopenya na kutanuka, na msumari mweusi katikati yake. Tundu moja likionyesha meno yaliyobanana, pini haijaingia. Wakati wa kufunga, zisukumwe kwa mshazari, ya kwanza na inayoitazama kutoka kona ya pili, hadi ziseme ka! Kuzungusha kichwa cha pini kufuata mshale ni kwa kufungua. Wapo wanaozungusha wakidhani wanakaza, na kipozea kinabaki kinaelea. Kwa vipozea vya skurubu zenye springi, kanuni ni ileile ya mshazari: mizunguko michache hapa, michache kule, mpaka zote zifike mwisho wake zenyewe. Anayekaza moja hadi mwisho ndipo ahamie ya pili amekwisha kuiegemeza sahani ya kipozea upande mmoja.

Pia matundu yapimwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Kwenye LGA775 umbali kati ya tundu na tundu ni milimita 72, kwenye familia ya 1150, 1151 na 1200 ni 75, na kwenye LGA1700 ya mwaka 2021 ni 78. Milimita tatu zinaonekana kidogo hadi uone mtu akizilazimisha.

Sasa grisi, ile krimu ya kijivu inayouzwa kwenye sindano. Hapa ndipo maneno ni mengi kuliko maarifa. Shaba hupitisha joto kwa kiwango cha wati 400 hivi kwa mita kwa kelvini, alumini zaidi kidogo ya 200, grisi nzuri ya kawaida kati ya 4 na 12, na hewa 0.026. Zisome namba hizo kwa makini na mengi yatakunyookea. Grisi inaishinda hewa mara mamia, ndiyo maana bila grisi mikwaruzo midogo ya chuma hubaki imejaa hewa na joto hukwama. Lakini shaba nayo inaishinda grisi mara makumi, kwa hiyo grisi nyingi ni kizuizi. Kinachotakiwa ni ijaze mikwaruzo tu, na kwingine kote chuma kikaribiane na chuma. Kwa prosesa ya mraba, tone la ukubwa wa punje ya ndengu katikati linatosha, na shinikizo la kipozea litaitandaza. Prosesa za LGA1700 ni ndefu kidogo, hivyo zipewe mstari mfupi badala ya tone.

Ukitaka kumjua fundi, mwombe afungue kazi yake mwenyewe, kisha usome alama iliyobaki. Kazi safi huacha utando mwembamba, karibu uonyeshe chuma katikati, umefika kingo zote, na uzi mdogo tu wa grisi umechungulia nje. Utando mnene kwenye kona moja ni ushahidi wa pini au skurubu iliyolegea kona hiyo. Sehemu kavu isiyoguswa inaonyesha sahani isiyo tambarare au uchafu uliobanwa. Na ukikuta kile kibandiko cha plastiki cha kiwandani bado kiko chini ya sahani, huna haja ya kusoma zaidi. Alama ikishasomwa, grisi hiyo isirudishwe. Ifutwe yote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na isopropili alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, maana spiriti zenye mafuta huacha utando wake, kisha ipakwe mpya.

Uangalifu wa pekee uwe kwenye AMD za soketi ya AM4, ambazo pini ziko chini ya prosesa yenyewe. Grisi ikiwa imeganda, kipozea kikivutwa juu kwa nguvu huja na prosesa na kuzipinda pini. Washa mashine ipate joto kwa dakika kadhaa, izime, chomoa waya wa stima, ndipo uzungushe kipozea taratibu kulia na kushoto hadi kiachie.

Vumbi la Voi ni sura ya peke yake. Ni udongo uleule mwekundu unaowapaka ndovu wa Tsavo rangi, na ni laini mno. Kwenye kipozea cha kiwandani halikai kwenye feni unayoiona, linakaa chini yake, juu ya mapezi, likawa tabaka zito lililoshikamana. Ndiyo sababu mtu hupuliza kwa juu, akaona feni imetakata, na joto likabaki vilevile. Feni ing'olewe, mapezi yasafishwe uchi. Unapopuliza kwa blowa, zuia mapanga ya feni kwa kidole, kwani yakizungushwa kupita kasi yake beringi zinaumia. Kompyuta isikae sakafuni, ipande mezani. Feni za kuingiza hewa zizidi za kutoa, ili hewa ipite mlango mmoja unaoweza kuuwekea chujio. Kipande cha soksi ya nailoni kilichovutwa vizuri mbele ya feni kinafanya kazi hiyo kwa uaminifu, mradi kifuliwe. Anayeishi kando ya barabara ya vumbi, Maungu au pembezoni mwa mashamba ya mkonge ya Mwatate, asingoje mwaka uishe ndipo asafishe.

Kuhusu kununua, nitasema machache. Taa za rangi hazipozi chochote. Geuza kipozea, weka wembe mpya wima kwenye sahani, utazame dhidi ya mwanga: mwanga usipenye sana. Mapezi yasicheze kwenye mabomba ya shaba, maana pezi linalocheza halipokei joto. Zungusha feni kwa kidole, iendelee kidogo na kusimama kwa upole bila kukwaruza. Waya wake uingie kwenye soketi iliyoandikwa CPU_FAN na si nyingine, vinginevyo ubao mama hautajua feni imekufa. Na kama mashine yako imezaliwa kutoka Dell OptiPlex au HP ya ofisini iliyotumika ng'ambo, usitupe lile bomba la plastiki linaloelekeza hewa kwenye kipozea. Grisi yake, inayoweza kuwa na umri wa miaka kumi, ndiyo ya kutupa.

Kazi ikishakamilika, fundi ninayemheshimu hubandika karatasi ndani ya kifuniko cha kasha: tarehe, jina la grisi, joto la chumba, joto la prosesa ikiwa kazini. Baada ya miezi, pima tena kwa kazi ileile. Tofauti ikiwa imepanda kwa nyuzi kumi, anza na vumbi na feni, na kipozea usikiguse. Ikibaki juu baada ya usafi, hapo ndipo pa kufungua na kupaka grisi upya.