Kiunzi cha Nguzo za Panda: Jinsi Mtu Mmoja Anavyosimamisha Banda katika Mwambao wa Bagamoyo

Banda la miti ya mviringo, yaani miti iliyokatwa na kuondolewa magome bila kupasuliwa kuwa mbao, ni jengo ambalo katika mwambao unaoanzia kaskazini mwa Dar es Salaam, kupitia Mlingotini, Kaole na mji wa Bagamoyo hadi Saadani, hutumika kuhifadhia nyavu, kuwekea mitumbwi kivulini, kupikia na kufanyia kazi za mikono. Wataalamu wa ujenzi wamezoea kulitaja kama jengo la muda au la mtu asiye na uwezo, na kwa sababu hiyo hawakulichambua kwa umakini wanaoutumia katika kuchambua nyumba za mawe. Jambo walilolikosa ni la kiufundi: kiunzi cha banda hili, yaani mifupa yake kabla ya kuezekwa na kukandikwa, kimepangwa kwa namna ambayo kila mti ukishawekwa mahali pake husimama wenyewe kabla mti unaofuata haujaguswa, na ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukijenga chote peke yake.

Tofauti hiyo huonekana wazi kiunzi hiki kikilinganishwa na kile cha mbao za mraba cha Ulaya ya kale, ambacho miti yake huunganishwa kwa ulimi na tundu, ulimi ukiwa ni ncha iliyochongwa ili iingie katika tundu lililotobolewa kwenye mti wa pili. Katika mpango huo upande mzima wa nyumba huunganishwa ukiwa umelala chini, kisha huinuliwa kwa pamoja na kundi la watu, kwa kuwa viungo vyake vingi havishiki mpaka vyote viwe vimeingiliana. Nguzo ya pwani haimsubiri mwenzake. Huchimbiwa shimo, hushindiliwa, na tangu saa hiyo ni imara.

Nguzo kuchimbiwa ardhini ni ufundi wa kale sana katika mwambao huu. Uchimbuaji uliofanyika Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980 chini ya uongozi wa mwanaakiolojia Mark Horton, ulikuta chini ya msikiti wa mawe alama za mashimo ya nguzo za misikiti ya miti iliyotangulia, ya kale zaidi ikihesabiwa kuwa ya karne ya 8. Nyumba ya mawe yenyewe, kama zile zilizobaki magofu Kaole, iliendelea kuutegemea mti wa mviringo, kwa kuwa dari yake ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba vingi vya mawe visizidi upana wa takriban mita 3.

Miti yenyewe hutoka katika jamii ya mikoko, yaani miti inayoota kwenye matope ya maji ya chumvi: mkoko, ambao jina lake la kisayansi ni Rhizophora mucronata, pamoja na muia na mkandaa. Katika biashara ya jahazi iliyopeleka miti hii hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba, miti ilihesabiwa kwa korija, ambayo ni miti 20, na kupangwa kwa unene: fito na pau zilizo nyembamba, kisha mazio, boriti zenye kipenyo cha takriban sentimita 11 hadi 14, na nguzo zilizo nene zaidi. Mpangilio huo wa soko ulikuwa pia mpangilio wa jengo, kwa sababu kila daraja lilikuwa na mahali pake katika kiunzi, na mjenzi aliponunua hakuhitaji kupasua chochote.

Hata hivyo, mjenzi wa leo hana ruhusa ya kuingia mikokoni na shoka. Mikoko ya Tanzania bara ni misitu ya hifadhi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kuikata bila kibali ni kosa. Zuio hilo linastahili kuheshimiwa kwa moyo mmoja, kwa kuwa mikoko ya midomo ya Ruvu na Wami ndiyo inayoshika udongo wa ufukwe na kulea kamba na samaki wachanga. Mbadala ulio karibu ni mvinje, mti unaopandwa mashambani na kandokando ya fukwe, ambao hunyooka, hukua haraka kwenye mchanga mkavu na kuvumilia upepo wa chumvi, ingawa huliwa na mchwa upesi zaidi. Mbadala wa pili ni mirunda ya mkaratusi inayouzwa barabarani. Maelezo yanayofuata yanahesabu uzito wa mkoko kwa sababu ndio mzito zaidi, na anayeweza kuuinua mkoko ataiinua mingine.

Kuuacha mti katika umbo lake la mviringo si uvivu wa kutopasua. Mti wa mviringo ukichongwa kuwa mraba mkubwa kabisa unaoweza kupatikana ndani yake, hubaki na takriban asilimia 64 ya eneo lake la mkato na asilimia 60 tu ya uwezo wake wa kuhimili kupindwa, kwa kuwa sehemu inayotupwa ni ile ya nje, ambayo ndiyo inayofanya kazi kubwa mti unapolemewa. Pamoja na hasara hiyo, msumeno hukata nyuzi za mti zinazopinda kuzunguka fundo, ilhali mti mzima huziacha zikiwa zimeungana kutoka kitako hadi ncha.

Gharama ya umbo hilo hulipwa katika upimaji. Mti wa mviringo hauna uso bapa wa kuegemezea kipimo, unene wake hupungua kuelekea nchani, na mara nyingi umepinda, kwa hiyo fundi hapimi kutoka ukingo hadi ukingo bali kutoka kiini hadi kiini, yaani kutoka mstari wa kufikirika unaopita katikati ya mti mmoja hadi ule wa mti mwingine. Kwa banda la upana wa mita 3 na urefu wa mita 4, vigingi vinne hupigwa ardhini na uzi huzungushwa. Pembe zitakuwa za mraba pale ulalo, yaani umbali wa kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, utakapokuwa mita 5 kamili kwa njia zote mbili. Mti uliopinda hugeuzwa mpaka mpindo wake uelekee katika mstari wa ukuta, mahali ambapo hausukumi paa nje wala ndani. Usawa wa vichwa vya nguzo hupimwa kwa mpira wa maji, ambao ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani uliojazwa maji, na mtu aliye peke yake hufunga ncha moja kwenye nguzo ya kwanza kisha huzunguka na ya pili.

Banda la ukubwa huo linahitaji nguzo sita za pembeni zenye urefu wa mita 2.5 na nguzo tatu za katikati zenye mita 4, zote zikizama ardhini sentimita 70. Nguzo ya pembeni yenye kipenyo cha sentimita 12 ina uzito wa takriban kilo 28 na haina tatizo. Nguzo ya katikati inafika kilo 45, na hapo ndipo kazi ya mtu mmoja inapojaribiwa. Shimo lake huchimbwa kwa mtalimbo likiwa na mfereji mshazari upande mmoja, na upande wa mkabala husimamishwa kipande cha ubao ili kitako cha nguzo kikigota kisibomoe ukuta wa mchanga. Nguzo hulazwa katika mfereji, ncha huinuliwa, na mjenzi hutembea kuelekea shimoni huku mikono yake ikisogea kwenye mti.

Hesabu ya msukumo unaohitajika katika mwendo huo ina fundisho lisilotarajiwa. Ncha inapoinuliwa kutoka ardhini, mikono hubeba nusu ya uzito, yaani takriban kilo 22.5, na mzigo hupungua hadi karibu kilo 20 mti unapofikia nyuzi 27. Lakini kwa mtu anayesukuma kwa kimo cha mita 1.8, mzigo huanza kupanda tena kwa sababu kadiri anavyosogelea kitako ndivyo anavyopoteza nguvu ya wenzo, na hufikia kilele cha takriban kilo 25 mti ukiwa nyuzi 45. Baada ya hapo hushuka hadi kwisha. Mahali pa hatari, kwa hiyo, si mwanzo bali katikati, na ndiyo maana mjenzi mzoefu huweka tayari mti mfupi wenye panda, akauegemeza chini ya nguzo inapokaribia pembe hiyo, akapumzika, akabadilisha mshiko, kisha akaendelea. Nguzo ikisimama, mihimili miwili ya mshazari huishika wakati timazi, yaani uzi wenye kizito, inapoelekezwa kwenye kiini chake na udongo unaposhindiliwa tabaka kwa tabaka.

Panda, yaani mgawanyiko wa matawi mawili ulioachwa juu ya nguzo au kikalio kilichochongwa kwa tezo pale ambapo mti haukujaliwa kuwa na matawi, ndicho kiini cha mpango wote. Mwamba, ambao ni mti mrefu unaolala juu ya nguzo za upande mmoja na kubeba paa, ungehitaji watu wawili kama vichwa vya nguzo vingekuwa bapa, kwa sababu mti wa mviringo huviringika na kuanguka mara tu mkono unapouachia. Panda hushika nafasi ya mtu wa pili: ncha ya kwanza ikishawekwa ndani yake haiwezi kutoka, na mjenzi huhama bila haraka kwenda kuinua ncha nyingine, akibeba nusu ya uzito kila mara. Panda ya asili ni bora kuliko ya kuchongwa, kwa kuwa nyuzi zake hupinda na matawi na hazipasuki kirahisi mwamba unapozisukuma. Fundi anayetupa mti kwa sababu una matawi ametupa kiungo kilicho imara kuliko atakachokichonga.

Mwamba wa mgongo wa paa, wenye urefu wa mita 4.6 na kipenyo cha sentimita 10, una uzito wa kilo 36 na unapaswa kufika mita 3.3 juu. Hapa umbo la mviringo, ambalo katika upimaji lilikuwa kero, hugeuka kuwa msaada. Kombamoyo mbili za kwanza, yaani miti ya mshazari inayotoka kwenye mwamba wa pembeni hadi mgongoni, huegemezwa na kufungwa mapema ili ziwe njia. Mwamba wa mgongo hupandishwa kwanza juu ya nguzo za pembeni, kisha kamba mbili, kila moja ikiwa imefungwa kwenye kichwa cha nguzo ya katikati, hushushwa, hupitishwa chini ya mti na kurudishwa juu. Kamba inapovutwa, mti huviringika na kupanda, na kwa kuwa mzigo umegawanywa kati ya sehemu mbili za kamba, kwenye mteremko wa nyuzi 45 nguvu inayohitajika kwa mti mzima ni karibu kilo 13 kabla ya kuhesabu msuguano. Mjenzi huvuta upande mmoja shubiri mbili, hufunga, huhamia upande wa pili. Tawi la panda lililo upande wa kupandia hukatwa liwe fupi kuliko lenzake, ili hatua ya mwisho, ambayo hufanywa kwa mikono kutoka kwenye ngazi, iwe ndogo.

Kufunga ni sehemu ambayo mafundi wengi wa sasa wameibadilisha kwa misumari, na mabadiliko hayo yana hasara. Mkoko uliokauka ni mgumu kiasi kwamba msumari hupinda au hupasua mti usipotanguliwa na keekee, na chuma katika hewa ya chumvi hushika kutu na kulegea ndani ya tundu lake. Kamba ya usumba, inayosokotwa kutokana na makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye matope ya pwani kwa miezi mingi na kupondwa mpaka nyuzi zitengane, huvumilia chumvi na hushika kwa msuguano bila kuutoboa mti. Hulowekwa ili ilainike, huzungushwa kuikumbatia miti yote miwili, kisha huzungushwa kwa njia ya kukata katikati ya miti hiyo ili mizunguko ya kwanza ikazwe, na mwishowe hukazwa zaidi kwa kijiti kinachosokotwa. Kiungo cha namna hiyo hukubali kusogea kidogo upepo wa kusi unapovuma, na kwa mtu aliye peke yake kina faida ambayo msumari hauna: kinaweza kulegezwa, mti ukasawazishwa, kikafungwa upya.

Mtambaapanya, yaani boriti inayokatiza kutoka mwamba mmoja hadi wa pili na kuzuia kuta zisitanuke, hufungwa kabla kombamoyo zilizosalia hazijapandishwa. Kisha fito hufungwa kukatiza kombamoyo, na makuti ya viungo huezekwa kutoka ukingo wa chini kuelekea mgongoni, mteremko ukiwa mkali ili maji ya masika yasitulie.

Uozo hauanzii kwenye kitako cha nguzo kilicho chini kabisa, bali kwenye usawa wa ardhi, mahali ambapo unyevu wa udongo hukutana na hewa ambayo kuvu huihitaji. Mchwa nao hupandia hapo. Oili chafu inayopakwa na mafundi wengi hubaki juujuu na huchafua udongo, na ni bora kujaza sehemu ya juu ya shimo kwa vipande vya matumbawe vinavyopitisha maji, na kuinua udongo kuzunguka nguzo ili maji yakimbie. Nguzo ikioza licha ya hayo, haibomoi banda. Mhimili wenye panda husimamishwa kando yake na kupigiwa kabari chini mpaka mwamba uinuke unene wa kidole, kamba hukatwa, nguzo iliyooza hung'olewa kwa kuelekezwa kwenye mfereji mshazari uliofukuliwa upya, na mpya huingizwa kwa njia hiyohiyo, ikashindiliwa mpaka panda yake ikae chini ya mwamba, ndipo kabari zigongwe zitoke na kufungwa kuanze.