Ekipe ya ndagala hupangwa kuanzia kwenye taa

Mgeni anayefika ufukweni Kalundu, kusini kidogo ya mji wa Uvira, huangalia kwanza mitumbwi ya ekipe, yaani chombo cha kuvulia usiku: miwili iliyofungwa sambamba, miti mirefu imepita juu yake, kamba zikining'inia kila upande. Fundi anayejua kazi huanzia kwingine. Yeye huuliza taa ni ngapi na ni za aina gani. Mwanga ndio unaoamua ndagala, yaani dagaa, watakusanyika katika eneo pana kiasi gani, eneo hilo ndilo linaloamua ukubwa wa wavu, na wavu ndio unaosema mitumbwi iachane kwa umbali gani. Mwenye mali akinunua mbao na mitumbwi kwanza, kisha akatafuta taa kwa fedha zilizobaki, atapata chombo cha kupendeza kinachovua kidogo.

Mpangilio huu una historia yake. Zamani wavuvi wa Ziwa Tanganyika walitoka na lusenga, wavu wenye mpini mrefu, huku moto wa kuni ukiwaka mbele ya mtumbwi. Lusenga huchota samaki waliopanda juu kabisa. Karabai zilipochukua nafasi ya kuni, mwanga ukazama zaidi na samaki wakajikusanya chini ya pale mkono unapofika. Katika miaka ya 1950 wavu wa kuinua uliingia ziwani, nao ukajibu tatizo hilo vizuri: badala ya kuchota kutoka juu, unashushwa chini ya samaki na kupandishwa nao. Miaka hiyohiyo Wagiriki waliokuwa Bujumbura walileta meli za chuma zenye nyavu za kuzungushia. Meli zile zilivua sana kwa miongo kadhaa, kisha zikapungua hadi karibu kutoweka. Ekipe za miti na kamba zipo hadi leo, na mimi naamini sababu mojawapo ni kwamba kila kipande chake kinatengenezeka papo hapo ufukweni.

Ziwa lenyewe limesaidia. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini upande huu wa kaskazini oksijeni huisha kabla au karibu na mita 100. Chini ya hapo samaki haishi. Kwa hiyo ndagala, pamoja na mukeke anayemfuata kumla, wamebanwa katika tabaka la juu, na usiku ndagala hupanda kufuata vijidudu anavyokula. Ekipe haihitaji kamba ndefu sana wala mashine, ingawa inaelea juu ya shimo refu namna ile. Na kwa kuwa maji si ya chumvi kama ya bahari, vyuma haviliwi na kutu haraka kama vya wavuvi wa Mombasa au Unguja.

Sehemu ngumu ni kuinua. Wavu una pembe nne, na pembe zote lazima zipande kwa mwendo mmoja. Moja ikichelewa, wavu unainama na samaki wanamwagika upande huo. Ndiyo maana watu wa ekipe hugawanywa kwenye kamba kwa uzito na nguvu zao, na ndiyo maana miti ya kuunganisha mitumbwi hufungwa kwa kamba badala ya kukazwa kwa misumari: wimbi likipita chini ya mtumbwi mmoja, fundo linalegea kidogo na kurudi, ilhali msumari ungepasua ubao. Kabla ya kuvuta, taa hupunguzwa polepole, za pembeni kwanza, ili samaki wasogee katikati.

Hapo ndipo taa za LED zilipoleta kazi mpya. Wengi walidhani ni kubadilisha karabai kwa balbu, basi. Karabai hutoa mwanga pande zote, ukiwamo ule unaopotea angani, na unaweza kuififisha kwa kupunguza presha. LED nyingi za bei nafuu humulika upande mmoja, na zina hali mbili tu, kuwaka au kuzima. Fundi makini huinamisha kila taa upya, kisha hugawa nyaya katika makundi yenye swichi zake, ili za pembeni zizimwe zamu kwa zamu na ya katikati ibaki. Betri nazo ni nzito. Zikiwekwa zote katika mtumbwi mmoja, chombo kinalala upande na pembe za wavu za upande huo zinachelewa. Zinapaswa kugawanywa, zikae chini, juu ya ubao ulioinuliwa kutoka kwenye maji yanayoingia. Faida ni kubwa hata hivyo: mvua haipasui kioo cha moto, soksi ya karabai haivunjiki kwa mtikisiko, na mafuta ya taa hayanunuliwi kila jioni.

Mwangaza pia hutegemea maji. Karibu na mlango wa mto Ruzizi, baada ya mvua, tope hukata mwanga upesi, na taa zilezile huangaza eneo dogo. Ekipe iliyopimwa kwa maji safi ya upande wa Makobola itakuwa na wavu mpana kupita kiasi pale mlangoni.

Kinachosahauliwa katika hesabu ya vifaa ni nchi kavu. Ziwa lilipopanda, hasa mwaka 2024, lilimeza fukwe ambako wavu ulitandazwa na ndagala kuanikwa mchangani. Mwenye ekipe sasa analazimika kuhesabu chanja za kuanikia pamoja na kamba na betri, tangu siku ya kwanza ya manunuzi.