Kanuni na Hofu

Mjadala wa sheria za utunzi si mgeni kwa wasomaji wa pwani. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, hadi Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 na kuuchochea mgogoro ambao moto wake haujazimika, swali limekuwa moja: je, vina na mizani ni pingu au ni uti wa mgongo? Swali hilo hilo huwakabili watunzi wa fani ambayo wapenzi wengi wa ushairi hawajaizoea, nayo ni michezo ya kuigiza ya mezani, hususan ile ya kutisha, iliyoshamiri Marekani na Uingereza.

Watu wanne au watano huizunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi. Kila mmoja wa waliobaki hubeba mhusika wake na kusema afanyayo. Hapana jukwaa wala watazamaji. Pale jambo linapokuwa na shaka, kwa mfano iwapo mlango utafunguka kabla kinachonyemelea hakijafika, kanuni ndiyo inayoamua, aghalabu kwa kurusha dadu. Ni rahisi kuihukumu michezo hii kwa visa vyake. Lakini kisa hubadilika kila usiku; kanuni hubaki ile ile, na ndani yake ndimo ilimo sanaa.

Mkongwe wa fani hii ni *Call of Cthulhu*, mchezo wa Sandy Petersen uliotolewa na kampuni ya Chaosium mwaka 1981, kwa kufuata hadithi za H. P. Lovecraft (1890–1937). Huu huihesabu akili. Kila mhusika ana akiba ya utimamu iliyopimwa kwa mia. Akiona la kutisha, madadu hurushwa, na akiba hupungua. Amwonaye Cthulhu mwenyewe hupoteza baina ya pointi 1 na 10 ikiwa madadu yamemwonea huruma. Yasipomwonea, hasara yaweza kufika 100, yaani akili nzima kwa mtazamo mmoja.

Hesabu tupu, atasema msomaji. Naam, lakini zipo kanuni mbili zinazoigeuza hesabu hiyo kuwa fasihi. Ya kwanza: kila mhusika anapozidi kuyajua mambo ya viumbe hao, ndivyo kilele cha utimamu awezao kuwa nao kinavyoshuka. Maarifa na akili vimewekwa katika mizani moja. Kimoja kikipanda, kingine hushuka, wala hapana dawa ya kurudisha ujinga. Ya pili ni kali zaidi. Mhusika akipoteza pointi 5 au zaidi kwa pigo moja, hupimwa kama ameelewa alichokiona. Akishindwa kuelewa, amesalimika. Akielewa, hurukwa na akili. Kote kwingine mchezoni kushinda kwa dadu ni neema. Hapa kushinda ndiko maangamizi. Mshairi angehitaji beti nyingi kulisema hilo, na mchezo umelisema kwa kubadili maana ya tarakimu.

Hata hivyo, kanuni hiyo imerithi moyo wa Lovecraft, mtu aliyeichukia damu ya kigeni na kuijaza bahari vitisho. Aliyelelewa kwa hadithi za majini, viumbe ambao binadamu huweza kuagana nao, kuwaudhi au kuwaridhisha, ataona ajabu kwamba kukutana na ghaibu lazima kuzae wazimu. Kwa hiyo kanuni hii ina itikadi ndani yake, na anayeipokea bila kuihoji huipokea na itikadi hiyo.

*Trail of Cthulhu* ya Kenneth Hite (2008), iliyojengwa juu ya kanuni za Robin D. Laws, ilikuja kuziba pengo moja: katika mchezo wa zamani, mchunguzi akikosea dadu maktabani, kidokezo hupotea na hadithi hukwama. Hapa kidokezo cha lazima hupatikana bila bahati nasibu. Kazi ni kukifasiri. Ni marekebisho ya busara, ila busara haimsisimui mtu mwili.

Usisimuzi uko katika *Dread* ya Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore, ya mwaka 2005. Mchezo huu umetupa madadu yote na kuweka mezani mnara wa Jenga. Jina hilo ni la Kiswahili bila ya shaka: aliyeubuni mchezo wa vipande 54 vya mbao ni Leslie Scott, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyeuzindua London mwaka 1983 kwa kitenzi alichokua nacho. Katika *Dread*, mhusika akitaka kutenda jambo gumu, mchezaji huvuta kipande na kukiweka juu. Anaweza kukataa, na tendo likashindikana. Mnara ukianguka mkononi mwake, mhusika wake ametoka hadithini, mara nyingi kwa kifo. Na akitaka kuwaokoa wenziwe, aweza kuuangusha kwa kusudi: tendo lake hufaulu, na uhai wake ndio bei.

Hapa hofu haisimuliwi. Vidole hutetemeka, pumzi hushikwa, na mnara hulegea kwa kila tendo bila msimulizi kutamka neno. Umbo limekuwa maudhui. Dosari yake ni kwamba mnara ukishajengwa upya huwa imara, hata kama baadhi ya vipande huvutwa mapema kuulegeza. Baada ya kifo cha kwanza hofu hupoa, kama utenzi uliopoteza pumzi katikati. Aidha, mwenye mkono mzito huadhibiwa kwa udhaifu usio wa mhusika wake. Kwa kisa cha usiku mmoja haina mpinzani. Kwa kisa cha miezi, akiba ya Petersen inayomomonyoka polepole bado ni bora.

*Ten Candles* ya Stephen Dewey (2015) imekwenda mbali zaidi, pengine mbali mno. Mishumaa kumi huwashwa gizani. Mmoja ukizimika, hata kwa upepo, hauwashwi tena. Kabla ya kuanza, kila mtu anajua kwamba wahusika wote watakufa. Hofu, hata hivyo, hula matumaini; yakiondolewa tangu mwanzo, hukosa chakula. Kinachobaki mezani ni maombolezo, na kama maombolezo mchezo huu umefaulu vilivyo: mwanzoni wachezaji hurekodi salamu za mwisho za wahusika wao, na mshumaa wa kumi ukishazimika, wakiwa wamekaa katika giza, sauti hizo huchezwa.