"Watu Wote" na "Sisi Sote": Uhakiki wa Sinema Moja ya Mpakani

Watu wengi hudhani kwamba kuhakiki kazi ya mtu ni kuitafutia makosa, kama mnunuzi anayeikosoa bidhaa sokoni ili apunguziwe bei. Uhakiki wa haki ni mpana kuliko huo. Huuliza mambo matatu: kazi hii ilikusudia nini, imefika wapi katika kusudi lake, na ni jambo gani imeliacha njiani. Katika kurasa hizi nakuomba tuulize maswali hayo juu ya sinema moja fupi iitwayo Watu Wote, iliyotolewa mwaka 2017. Iliongozwa na Katja Benrath, mwanafunzi wa chuo cha sinema cha Hamburg, Ujerumani. Urefu wake ni dakika 22 tu. Hata hivyo, mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa sinema tano fupi zilizowania tuzo ya Oscar huko Marekani. Maneno yake ni ya Kiswahili na Kisomali, na kisa chake kilitokea kweli, kaskazini mashariki mwa Kenya.

Kabla ya kuihukumu picha, yafaa tuijue nchi iliyopigwa picha. Ukiitazama ramani ya Kenya utaona, juu kabisa upande wa mashariki, pembe ambapo mipaka ya Kenya, Ethiopia na Somalia inakutana. Hapo ndipo penye mji wa Mandera. Ukishuka kusini sambamba na mpaka wa Somalia utafika Lafey, na ukizidi kushuka utafika El Wak. Ni nchi ya jua kali, miiba na visima vichache. Wenyeji wengi ni Wasomali, Waislamu, wafugaji wa ngamia, mbuzi na ng'ombe. Mtu wa huko anaposafiri kwenda Nairobi amezoea kusema kwamba anakwenda Kenya, kana kwamba hapo aliposimama si Kenya. Naye mtu wa bara anapopelekwa huko kufundisha, kuuguza wagonjwa au kuchimba mawe, hujihesabu kuwa yuko ugenini. Nyumba ni moja, lakini mlango wa kati umekomewa kwa pande zote mbili.

Katika nyumba hiyo iliyogawanyika waliingia wauaji. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab. Abiria walitengwa. Wale ambao hawakuweza kusoma maneno ya dini ya Kiislamu walipigwa risasi, wakafa watu 28. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wafanyakazi 36 waliuawa usiku katika machimbo ya mawe ya Koromey, karibu na Mandera. Tarehe 2 Aprili 2015 wauaji wa kundi hilohilo waliingia katika chuo kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Huko nako waliwatenga Wakristo na Waislamu kabla ya kuua.

Hofu ilizaa malalamiko. Baada ya mauaji ya basi, watu waliandamana Nairobi wakiwa na majeneza, wakaiambia serikali kwamba wamechoka. Mapema mwaka 2015 walimu waliotoka bara walikusanyika katika mji mkuu wakakataa kurudi kaskazini mashariki, wakaomba wapewe shule nyingine. Nani awalaumu? Lakini upande wa pili wa shauri hilo walikuwako watoto wa Mandera, Lafey na Wajir, ambao hawakumuua mtu, nao walibaki mbele ya ubao usio na mwalimu. Mwalimu alikuwa na haki ya kuishi. Mtoto alikuwa na haki ya kusoma. Al-Shabaab walikuwa wamezigonganisha haki hizo mbili, na huo ulikuwa ushindi wao mkubwa kuliko idadi ya waliokufa. Mambo hayo yalirudi tena mwaka 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe katika Garissa.

Sasa tufike kwenye kisa cha sinema. Tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilikuwa likienda Mandera. Lilipofika mahali paitwapo Papa City, karibu na El Wak, lilishambuliwa. Abiria waliamriwa wajitenge kama wale wa mwaka uliotangulia. Safari hii Waislamu walikataa. Inasimuliwa kwamba wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na kwamba abiria waliwaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule moja huko Mandera, alipigwa risasi, akafa Januari 2016 baada ya kutibiwa Nairobi. Mwaka huohuo Rais wa Kenya alimpa nishani ya heshima, naye hakuwako duniani kuipokea.

Katja Benrath na wenzake hawakutusimulia habari hiyo kama gazeti. Walimtia ndani ya basi mwanamke Mkristo aitwaye Jua, ambaye mumewe na mtoto wake waliuawa na watu waliojiita Waislamu. Anakaa kati ya abiria Waislamu akiwa na moyo uliofungwa. Kila vazi analoliona linamkumbusha kaburi. Anagombana na Salah Farah, na mtazamaji anaona kwamba kila mmoja anasema jambo lenye ukweli ndani yake. Kisha wauaji wanakuja, na wale aliokuwa akiwaogopa ndio wanaomfunika kwa vazi lao.

Hapa ndipo ulipo ubora wa kazi hii, nao ni ubora wa kweli. Mtunzi dhaifu angemfanya Jua kuwa mtu mwema asiye na chuki, ili tumpende upesi. Mtunzi huyu alimpa chuki, tena akampa sababu ya chuki hiyo. Kwa hiyo mtazamaji hawezi kumcheka wala kumdharau. Anayemwokoa hamwokoi rafiki. Anamwokoa mtu aliyemtukana saa chache zilizopita. Wema wa namna hiyo ni mzito katika mizani. Tena sinema imetumia kitu kidogo kubeba maana kubwa: mtandio. Kitambaa kilichokuwa alama ya kutengana kinakuwa stara kwa aliyetengwa. Hakuna hotuba ambayo ingesema hivyo kwa uzuri zaidi.

Hata hivyo, swali la tatu linatungoja: ni jambo gani limeachwa njiani? Nadhani sinema hii imeitia historia ya hofu katika moyo mmoja tu. Msiba wa Jua tunaujua; tunaingia basini nao na kushuka nao. Lakini Wasomali waliokaa viti vya jirani wanaonekana kana kwamba historia yao ilianza siku Al-Shabaab walipozaliwa. Haikuanza siku hiyo.

Wakati wa utawala wa Waingereza, eneo hilo lilifungwa kwa sheria, na msafiri hakuweza kuingia wala kutoka bila ruhusa. Mwaka 1962 tume ya Waingereza iliona kwamba watu wengi wa huko walitaka kujiunga na Somalia. Mtawala akasikia, akaondoka bila kulikata shauri. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla ya mwezi huo kwisha ilitangazwa hali ya hatari katika kaskazini mashariki. Vita vilivyofuata, hata mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, viliitwa vita vya Shifta, maana yake majambazi. Na kwa jina hilo kila mwenye ngamia alishukiwa kuwa jambazi. Mwaka 1970 ilitungwa sheria ya kuzuia watu wasishtaki kwa mambo waliyotendewa na majeshi ya serikali wakati ule. Utawala wa hali ya hatari ulidumu hata mwaka 1991.

Februari 1984, wanaume wa kabila la Degodia walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, wakazuiliwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa na askari wa serikali yao wenyewe. Serikali ilitaja kwanza vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa taarifa yake mwaka 2013, ilionyesha kwamba waliokufa walizidi hesabu hiyo mara nyingi. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya, wala si watu wa makabila mengine, waliamriwa wachunguzwe na kupewa kadi maalumu za kuthibitisha uraia wao. Na Aprili 2014, miezi michache kabla ya basi la kwanza kushambuliwa, maelfu ya Wasomali walikamatwa Nairobi, na wengi wakapelekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili wachunguzwe.

Sikuleti habari hizi ili kupunguza uovu wa wauaji. Mchimba mawe aliyeuawa Koromey hakumnyima mtu maji Wagalla. Anayelipa kisasi kwa asiyehusika halipi deni. Anafungua deni jipya. Ninazileta kwa sababu nyingine. Mwaka 2014 na 2015, abiria Mkristo alitengwa na muuaji kwa swali moja: wewe ni nani? Abiria Msomali alikuwa amelijua swali hilo tangu utoto, kwa kuwa katika vizuizi vya polisi vya njia ya Garissa ni yeye aliyeshushwa na kuulizwa kitambulisho, huku wenzake wakingoja vitini. Uzito wa mambo hayo mawili haulingani, kwani moja humwacha mtu na aibu na jingine humwacha maiti. Lakini aliyewahi kutengwa huijua ladha ya kutengwa. Pengine abiria wale walikataa kujitenga kwa sababu ya dini yao, pengine kwa utu wao. Na pengine pia kwa sababu walikwisha kuona mahali ambapo kutenganisha watu humalizikia. Sinema ingalitupa hata dakika moja ya ujuzi huo, tungalielewa kwamba mwenye kuokoa na mwenye kuokolewa walikuwa wote wawili na jeraha.

Utaniambia, msomaji, kwamba dakika 22 hazitoshi kubeba miaka 50. Ni kweli, nami sidai somo la historia. Mtandio haukuhitaji dakika kumi kutuambia ulichotuambia. Kitambulisho mkononi mwa mzee wa Kisomali, na jinsi anavyokitoa upesi kabla hajaulizwa, kingalitosha.

Upungufu huo si mdogo, kwa maana unaacha mlango wazi kwa fikra moja ya hatari. Mtazamaji wa mbali anaweza kuondoka akisema: "Kumbe wako Wasomali wema." Maneno hayo husifu na kutukana kwa wakati mmoja. Hatusemi hivyo juu ya watu tunaowahesabu kuwa wenzetu. Kama Msomali hana budi kusimama mbele ya bunduki ndipo tumwamini, basi bei ya uraia wake ni kubwa kuliko ya mwenziwe, na nishani yenyewe inakuwa ushahidi wa ubaguzi wetu. Mwalimu Salah Farah alistahili heshima yake. Lakini alistahili vilevile kuaminiwa siku ya kabla ya kupigwa risasi, alipokuwa mwalimu tu, asiyejulikana na mtu nje ya mji wake.

Sasa litazame jina la sinema. Kwa Kiswahili ni "watu wote". Lakini jina la Kiingereza lililoambatana nalo lina maana ya "sisi sote". Huenda waliolitunga hawakuona tofauti. Wewe unayejifunza lugha huna ruhusa ya kutoiona. Asemaye "watu wote" anaweza kuwa amesimama mbali, akiwahesabu wanadamu kama mchungaji ahesabuvyo mifugo. Asemaye "sisi sote" amejihesabu mwenyewe, na hawezi tena kusema kwamba msiba wa Lafey ni wa watu wa Lafey, wala kwamba waliokufa Koromey ni wa bara na wazikwe na wa bara.

Hukumu yangu basi ni hii. Sinema Watu Wote ni kazi njema, yenye ujasiri wa kumpa mtu mwema hasira na mwenye hasira machozi; nakusihi uitazame ukipata nafasi. Imetufikisha mpaka kwenye "watu wote". Safari iliyobaki kufika kwenye "sisi sote" haikumalizwa na sinema hiyo, wala haitamalizwa na sinema nyingine. Itamalizwa na mtoto wa Nyeri atakayejua habari za Wagalla bila kulazimishwa na mtihani, na mtoto wa Lafey atakayewalilia wachimba mawe wa Koromey kama watu wa nyumbani kwao. Abiria wa basi lile walipewa dakika chache tu za kuamua kama wao ni kundi moja au mawili, nao wakaamua vyema. Sisi tumepewa miaka, wala hatujaelekezewa bunduki. Udhuru wetu ni upi?